Hisani ya Atanguliaye

Je, mtu aweza kuhesabiwa kuwa amemfanyia mwenzake hisani kwa tendo lisilomgharimu chochote, tendo ambalo angalilifanya vilevile hata lau mwenzake huyo hangalikuwapo? Nimelisikia swali hili likijadiliwa tangu utoto katika darasa za msikitini baina ya magharibi na isha, na majibu yake nimeyasikia yakitolewa kwa hoja za kila namna. Lakini uzito wake wote niliuhisi katika safari ya baiskeli niliyosafiri pamoja na sahibu zangu kutoka Tanga kwenda Bagamoyo, siku ile tuliyovuka mto Pangani na kushika njia ya Mkwaja, katika mwezi wa Julai, wakati upepo wa kusi umekwisha kushika enzi yake pwani nzima, na msafiri aelekeaye kusini hana budi kuupokea kifuani kutwa.

Asiyewahi kusafiri mwendo mrefu kwa baiskeli huenda asijue kwamba katika nchi ya tambarare adui mkubwa wa mpandaji ni hewa yenyewe, hii tunayoivuta puani bila ya kuihisi, kuliko uzito wa mzigo au mchanga wa njia. Kanuni yake imekwisha kuthibitishwa na wataalamu wa maumbile: mahali pasipo upepo, mwendo ukizidi maradufu, ukinzani wa hewa huzidi mara nne, na nguvu itakiwayo kuushinda huzidi mara nane, na upepo ukitoka mbele, kasi yake huongezwa juu ya mwendo wa mtu katika hesabu ya ukinzani huo, hata aendaye polepole akachoka mfano wa aendaye mbio. Lakini nyuma ya kila mpandaji hubaki mahali penye utulivu, hewa iliyokwisha kupasuliwa, na mwenzake akiingia humo, gurudumu lake la mbele likaribiane na gurudumu la nyuma la mwenziwe kwa kadiri ya shibiri mbili tatu, hupunguziwa kazi yake kwa robo au hata kwa theluthi. Ajabu zaidi ni kwamba atanguliaye hapungukiwi na kitu kwa kufuatwa. Bali ile hewa ambayo ingalizunguka nyuma yake na kumvuta hukuta nafasi imekwisha kujazwa na mwili wa anayemfuata, naye hupata nafuu, ndogo sana, lakini nafuu ya kweli.

Basi swali lipo hapo. Anayefuata amerudishiwa sehemu kubwa ya nguvu zake, ilhali aliyemrudishia hakutoa kitu, hakujinyima kitu, na pengine hakujua. Je, baina yao pana deni?

Tulikuwa watu watano. Kwa kuwa imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba watatu wakitoka safarini na wamteue mmoja wao kuwa amiri, tulimkabidhi uamiri Maalim, mzee wetu aliyekula chumvi nyingi, ambaye baiskeli yake ya Phoenix ameipanda miaka mingi baina ya madrasa na shamba lake, na ambaye hupenda kutukumbusha kwamba Imamu al-Ghazali, aliyeiacha Baghdad na cheo chake mwaka 1095 akashika njia, aliziona adabu za safari kuwa ni jambo kubwa hata akazitengea kitabu kizima ndani ya Ihyaa. Wa pili alikuwa fundi wa baiskeli wa Ngamiani, mwenye nguvu kutushinda sote. Wa tatu mwalimu wa shule kutoka Muheza, Mkristo, msomaji wa Biblia na wa vitabu vya falsafa, aliyekuwa ametoka kuugua malaria na ambaye, kwa haya zake, alitwambia kuwa amekwisha kupona kabisa. Wa nne kijana, mpwa wa Maalim. Na wa tano mimi.

Tulivuka kwa pantoni mapema, pamoja na wachuuzi wa samaki na mizigo yao, hadi Bweni, ng'ambo ya mto huu uletao baharini maji ya Kilimanjaro na Meru, na pale, wakati wengine tunakula mihogo ya kuchemsha kwa chai ya rangi, fundi alizipindua baiskeli zetu moja baada ya moja, magurudumu juu, akayazungusha, akazigusa njiti kwa ukucha akisikiliza, na kila iliyotoa sauti ya kulegea akaikaza kwa spana ndogo kabla ya kuigusa inayofuata. Hakutuuliza kama tunataka akague, wala hakungoja ahsante. Nimeitaja kazi hiyo kwa sababu ni hisani isiyo na mjadala: ilimgharimu chai yake, ambayo ilipoa.

Kisha tukashika njia, na kwa kuwa kusi ile ilitujia mbele kwa upande wa kushoto, upande wa bahari, kila mmoja alijisogeza kidogo kuliani nyuma ya mwenzake ili autafute utulivu pale ulipo hasa, maana utulivu huo haukai nyuma sawasawa ila hulala upande ule upepo unakokwenda. Fundi alikaa mbele. Nyuma yake alikaa mwalimu, kisha Maalim, kisha mimi, na kijana mwisho. Mtu akisogea kushoto kwa dhiraa moja tu alihisi upepo ukimshika bega na kumrudisha. Akirudi mahali pake, kelele ya masikioni hukoma, akaweza hata kumsikia mwenzake anavyohema.

Tulipumzika Mwera tukanywa madafu, na mwalimu, akimfuta fundi vumbi la mgongoni kwa kitambaa, akasema, "Ahsante sana, ndugu yangu. Asubuhi hii umenibeba."

"Usinishukuru, Mwalimu," fundi akajibu. "Upepo ule ningaliukata hata kama ningalikuwa peke yangu. Sikukupa kitu changu."

Alisema hivyo kwa moyo safi, na hoja yake ina nguvu, kwa kuwa hisani, kama tunavyoifahamu sote, hutoka katika mali ya mtu au katika juhudi yake, na jambo ambalo halikutoka katika mali wala halikuongeza juhudi haliwezi kwa urahisi kuitwa hivyo. Jua linapomkaushia mvuvi nyavu zake, mvuvi humshukuru aliyeliumba jua, wala hadhani kuwa lenyewe limemkirimu.

Lakini Maalim aliweka dafu lake chini akamwambia, "Mwanangu, je, hukusikia habari ya mtu apandaye mti?" Akatukumbusha hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mwislamu hapandi mti wala halimi mmea, kisha akala humo ndege au mtu au mnyama, isipokuwa huwa ni sadaka yake. Aliyepanda, akasema Maalim, hamjui ndege. Huenda amekwisha kufa kabla ya ndege kuzaliwa. Wala tunda lililoliwa halikumpunguzia kitu kaburini mwake. Na bado ameandikiwa. Basi ikiwa maiti anaandikiwa kwa ndege asiyemjua, vipi aliye hai asiandikiwe kwa rafiki anayehema nyuma yake?

Hapo mwalimu alileta hoja ambayo nimeifikiria mara nyingi tangu siku ile. Alielekeza mkono upande wa mashamba ya mkonge akasema kwamba kilimo cha mkonge katika nchi hii kilianzia kwenye mbegu alizoziagiza Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893, ambazo nyingi zilikufa njiani, na miche 62 tu iliyosalimika ikapandwa Kikogwe, jirani na Pangani, karibu na pale tulipokuwa tumekaa. Kutokana na miche hiyo ilistawi biashara iliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji wa kwanza wa mkonge duniani. Maelfu ya watu walipata ujira kwayo, watoto wakasomeshwa, nyumba zikajengwa. Lakini katika mashamba hayo hayo, chini ya ukoloni, watu walitwaliwa ardhi na kusukumwa kazini kwa nguvu. "Basi, Maalim," akauliza, "mtu aliyepanda kwa kutafuta faida yake, tumwandikie sadaka kwa kila mtoto aliyesoma kwa ujira wa mkonge?"

Maalim hakuwa mtu wa kujibu hima. Alinyamaza mpaka kijana akadhani hatajibu, kisha akasema kwamba si lazima mpandaji amjue kila alaye, lakini lazima pawe na nafasi moyoni mwake kwa ajili ya mlaji. Na kipimo chake ni kuangalia afanyavyo siku atakapomwona mtu yumo shambani anakula. Mwenye kupanda kwa faida humwamia ndege. Mwenye sadaka, akimwona, humwachia. Kabla ya kumwona, huwezi kuwatenga watu hawa wawili kwa macho.

Naiona rai hiyo kuwa ndiyo ufunguo wa suala lote, kwa kuwa inatuhamisha kutoka katika tendo lenyewe, ambalo kweli halina gharama, na kutupeleka katika kile afanyacho mtu baada ya kujua. Kuupasua upepo ni jambo la maumbile. Mungu aliiumba hewa kwa namna ambayo mwili upitao huacha utulivu nyuma yake, na kwa utulivu huo mwenye kushukuriwa ni Yeye. Fundi alisema kweli kwamba hakumpa mwalimu kitu chake. Lakini tangu fundi alipojua kwamba nyuma yake yumo mtu, alikuwa na kitu kingine mkononi ambacho kilikuwa chake kabisa, nacho ni mwendo. Miguu yake iliweza kwenda kasi zaidi. Kila alipoipunguza alitoa kitu katika milki yake, yaani uwezo alionao na asioutumia, raha ya nguvu inayotoka bure, na ile saa ya kufika mapema akapumzika. Hiyo ndiyo gharama, na ni gharama isiyoonekana na yeyote, kwa sababu mtu anayejizuia huonekana sawasawa na mtu asiyeweza. Huenda kwa sababu hiyo ndiyo ikawa sadaka iliyo salama zaidi na riya. Mwenye kutoa fedha huonekana akitoa, ilhali mwenye kutoa mwendo wake huonekana tu kuwa mtu wa mwendo mdogo.

Na sheria ya dini, nikiitazama kwa jicho hilo, naiona imekwisha kulitangulia jambo hili. Adhuhuri ile tulisimama kando ya njia tukaswali kwa kupunguza, rakaa mbili mbili, tukaikusanya alasiri pamoja nayo, kama ilivyo rukhsa kwa msafiri. Rukhsa hiyo haikupimwa kwa uchovu wa kila mtu. Fundi, ambaye asingalihisi taabu kuswali rakaa nne na nyingine nne juu yake, alipunguza vilevile alivyopunguza Maalim aliyekuwa na magoti mabovu. Wanavyuoni wamesema sababu ya rukhsa ni safari yenyewe, wala hayaangaliwi mashaka ya huyu au wepesi wa yule. Maana yake, kwa ufahamu wangu, ni kwamba sharia ilipowatazama wasafiri wote, ilichukua kipimo cha aliyechoka ikawavisha wote, ili asiwepo katika safu mtu ambaye udhaifu wake umetengwa na kuonyeshwa kwa wenzake.

Alasiri ndiyo iliyokuwa ngumu. Kusi iliongezeka nguvu, minazi yote imeinama upande mmoja, na vumbi jekundu likatujaa kopeni. Mwalimu alikuwa bado nyuma ya fundi, na kwa muda mrefu nilimwona akifuata vizuri, kichwa chini, macho yakiwa yameganda kwenye tairi lililokuwa mbele yake. Kisha, penye mchanga kidogo, gurudumu lake liliyumba, akapunguza, na baina yake na fundi ukaingia mwanya wa kama pima moja. Lazima nilieleze jambo hili kwa makini, kwa maana ndani yake mna jambo zito. Anayefuata kwa ukaribu huhitaji nguvu kidogo. Anayefuata kwa mbali kidogo huhitaji nguvu nyingi. Na aliyekwisha kuachwa kwa pima chache huhitaji nguvu kuliko wote, kwa kuwa sasa anaupokea upepo peke yake na papo hapo atakiwa kwenda kasi zaidi kuliko aliye mbele ili amfikie. Kwa hiyo udhaifu ukishapita mpaka fulani hauzidi taratibu: humwangusha mtu kwa ghafula, na mpaka wenyewe ni mwembamba. Mtu ambaye dakika moja kabla alikuwa mmoja wa wenzake, dakika ya pili yupo peke yake jangwani, na hakuna aliyemtendea ubaya. Aliye mbele hakuongeza mwendo. Aliendelea tu.

Sisi watatu tuliokuwa nyuma ya mwalimu tulibaki naye, lakini fundi alikuwa amekwisha kwenda mbali kabla ya kugeuza shingo. Alipotuona, alirudi. Hakusema neno, alifungua kamba, akauhamisha mkoba wa mwalimu kutoka kwenye kerieri yake akaufunga kwenye ya kwake mwenyewe, akaukaza kwa fundo mbili. Mwalimu, ambaye uso wake ulikuwa umepauka na midomo imekauka, alisema, "Endeni tu, ndugu zangu. Nitawakuta Mkwaja." Na huo, nionavyo mimi, ndio msemo wa mnyonge katika misafara yote ya dunia: huwaomba wenzake ruhusa ya kuachwa, apate kuwapunguzia haya ya kumwacha.

Maalim alikaa chini kabisa, juu ya nyasi, kuonyesha kwamba hakuna aendaye, akatusimulia habari ya Muadh bin Jabal, sahaba aliyekuwa akiwaswalisha watu wake isha, akasoma sura ndefu ya al-Baqara hata mtu mmoja, aliyekuwa amechoka kwa kazi ya mchana, akajitenga akaswali peke yake. Habari ilipofika kwa Mtume, aliyekemewa ni Muadh, imamu, mwenye elimu na kisomo kizuri. Yule aliyechoka hakulaumiwa. Muadh akaamrishwa asome sura fupi, kwa kuwa nyuma yake wamo wakubwa na wadhaifu na wenye haja zao. Mwalimu naye, akiwa bado anahema, alisema kwamba jambo hilo limo hata katika kitabu cha Mwanzo, pale Esau alipotaka waende pamoja na Yakobo akamjibu kuwa watoto ni wachanga na mifugo inanyonyesha, na kundi likisukumwa siku moja tu litakufa lote. Basi bwana wake atangulie, naye atakwenda taratibu kwa mwendo wa mifugo iliyo mbele yake na kwa mwendo wa watoto. Maalim aliipenda habari hiyo akamtaka aikariri.

Hata hivyo naona visa hivi viwili havisemi jambo moja. Yakobo alimwacha mwenye nguvu aende zake, akabaki na wadhaifu wake, na katika kitabu hicho hicho tunasoma kwamba hawakufuatana tena: Esau alirejea Seiri na Yakobo akashika njia ya Sukothi. Muadh hakuruhusiwa kwenda zake. Alirudishwa mbele ya safu ile ile, akatakiwa abaki imamu, kwa sharti kwamba kipimo cha kisomo kitatoka nyuma. Njia ya kwanza ni ya insafu na haina lawama. Lakini ile ya pili ndiyo iufanyao msafara kuwa msafara.

Tatizo lililobaki lilikuwa la utekelezaji, na ni tatizo lenye kina. Anayestahili kupima mwendo ni dhaifu, na kwa kawaida apimaye mwendo hukaa mbele. Lakini dhaifu akikaa mbele atapigwa na upepo wote, na hapo tutakuwa tumempa heshima na kumnyima nguvu. Kijana ndiye aliyeupata ufumbuzi. "Mjomba," akamwambia Maalim, "baiskeli ya Mwalimu ina kengele. Akae pale pale nyuma ya Fundi. Akipiga mara moja, Fundi apunguze. Akipiga mara mbili, Fundi aweza kuongeza." Amiri aliikubali rai hiyo ikawa ndiyo sheria yetu, na kwa njia hiyo mwenye nguvu alikaa mbele akitii, na asiye na nguvu akakaa nyuma akiamuru.

Kwa muda wa kwanza kengele haikulia, ingawa nilimwona mwalimu akiinua kidole gumba na kukirudisha chini. Haya zilimzuia. Maalim alimwona pia, akampigia kelele kutoka nyuma kwamba aliyekabidhiwa kengele amekabidhiwa amana, na kuificha taabu yake ni kuwanyima wenzake jambo ambalo wao wamekwisha kukubali kulitoa. Hapo ikalia, mara moja, na fundi akapunguza bila ya kugeuka.

Usiku, Mkwaja, baada ya wali na samaki wa kuchoma, Maalim na mwalimu walibishana kwa upole mpaka taa ikaisha mafuta. Maalim alishikilia kwamba mzigo mkubwa wa safari uko kwa mwenye nguvu, maana yeye ndiye awezaye kudhulumu. Mwalimu alisema kwamba mchana ule, tangu aliposhika kengele, alijiona kuwa ana dhima nzito kuliko ya fundi: kila alipoipiga alikuwa akitumia nguvu za watu wanne kwa kipimo ambacho hakuna aliyeweza kukihakiki ila yeye, na kila alipoacha kuipiga hakuna aliyejua kama amestahimili kwa uvumilivu au kwa kibri. Mimi naelekea upande wa mwalimu. Mwendo wa fundi tuliuona sote, na lau angalidhulumu tungalimkanya; lakini uchovu wa mwalimu haukuwa na shahidi duniani, na hukumu yake aliitoa peke yake, kila mara, katikati ya upepo, kwa kidole kimoja.